Saa 8,000 Bila Sahihi

Kabla ya kuandika haya nilimwomba mwenyewe ruhusa. Alinijibu kwa ujumbe mfupi: "Andika, kaka. Jina langu tu liache." Basi naliacha, na nitamwita Fundi, kwa kuwa ndivyo tulivyomwita huko Houston, Texas, hata kabla hajapata leseni. Kosa lenyewe nitalieleza lote, pamoja na sehemu yangu ndani yake, maana ushauri mbaya aliousikiliza kuliko wote ulitoka kinywani mwangu.

Fundi ni mtu wa Mombasa. Alifunga umeme huko na Kilifi kwa miaka sita kabla ya kuja Marekani, na leseni ya kwao alikuwa nayo. Kenya leseni ya fundi umeme hutolewa na mamlaka moja, EPRA, na ukishaipata unaweza kufanya kazi Likoni leo na kesho ukaitwa Kisumu. Kwetu Tanzania ni vivyo hivyo kwa leseni ya EWURA: fundi wa Tanga hahitaji leseni nyingine akipata kazi Mbeya. Tulikulia katika utaratibu huo, na nadhani hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo lote. Mtu akihama habebi nguo peke yake, hubeba pia mambo ambayo kwao hayana haja ya kuulizwa.

Alipofika Texas ile miaka sita haikumsaidia kwenye karatasi, wala hakulalamika. Alielewa sababu. Nyumbani tumezoea volti 240, na katika nyumba nyingi za zamani waya mweusi ndio nyutro. Marekani waya mweusi ndio wenye moto, nyutro ni waya mweupe, na soketi ya kawaida ya chumbani ni volti 120. Mkono uliozoea kuuona mweusi kuwa waya wa salama unaweza kumuua mwenye mkono. Kwa hiyo alikubali kuanza upya kama mwanagenzi, akiwa na miaka thelathini na kitu, akibeba mabomba ya waya nyuma ya vijana waliokuwa wadogo kwake kwa miaka kumi.

Texas humtaka mwanagenzi afikishe saa 8,000 za kazi chini ya fundi mkuu mwenye leseni, ndipo apewe leseni ya fundi kamili. Mtihani anaruhusiwa kuufanya akifika saa 7,000. Kwa mtu anayefanya kazi kila siku, hiyo ni kama miaka minne. Fundi alizipata saa zake kwa waajiri wawili. Wa kwanza alikuwa na kampuni ndogo iliyofunga umeme kwenye nyumba mpya za kuishi. Wa pili alikuwa mzee mmoja, fundi mkuu wa siku nyingi, aliyefanya kazi za maduka, zahanati na shule. Mzee huyu alimpenda. Alimfundisha kukunja bomba la chuma bila kulivunja, na kusoma michoro ya jengo zima kabla ya kugusa kitu.

Akafanya mtihani, akafaulu, akapata kadi. Tulikula pilau nyumbani kwake siku hiyo.

Mwaka 2019 mke wake, ambaye ni muuguzi, alipata kazi nzuri katika hospitali moja upande wa kusini wa Seattle, jimbo la Washington. Huko Kent na Tukwila wako watu wengi kutoka Afrika Mashariki, misikiti ipo, makanisa ya Kiswahili yapo, shule si mbaya. Familia ikaamua kuhama. Jioni moja Fundi aliniuliza, tukiwa tumekaa nje kwangu, kama nadhani leseni yake itakubalika kule. Nakumbuka nilivyomjibu, bila hata kuweka kikombe chini: "Leseni ni leseni, mdogo wangu. Kwani umeme wa Washington una rangi nyingine?"

Mimi nilikuwa na leseni ya Texas miaka mitatu mbele yake. Aliniona kama anayejua. Ukweli ni kwamba sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja kuhusu jimbo lolote lingine. Niliongea kwa sauti ya mtu anayejua, na sauti hiyo ndiyo iliyomponza.

Jambo ambalo sote wawili hatukulijua ni hili. Marekani haina leseni ya fundi umeme ya nchi nzima. Kila jimbo lina sheria yake, na yako majimbo ambayo hata hayana leseni ya jimbo, kama Illinois na Pennsylvania, ambako miji ndiyo hujiamulia. Ukifanya kazi Chicago unafuata ya Chicago, na Philadelphia ina yake. Texas yenyewe ilianza kudai leseni ya jimbo zima mwaka 2004 tu. Kabla ya hapo mji wa Houston ulikuwa na wake, na Dallas wake.

Majimbo mengine yamekubaliana kutambuliana leseni. Fundi kamili wa Texas anaweza kuomba leseni ya Oklahoma, New Mexico, Arkansas na majimbo mengine kadhaa bila kurudia mtihani, mradi leseni yake aliipata kwa kufanya mtihani na ameishika walau mwaka mmoja. Hata hapo ni lazima aombe, alipe, na asubiri kadi mpya kabla ya kushika koleo. Washington haimo katika mapatano hayo na Texas. Kwa fundi kamili wa kazi za jumla, jirani yake Oregon ndiyo iliyokubaliana nayo. Anayetoka Texas lazima athibitishe saa zake upya, kisha afanye mtihani wa Washington, wenye sehemu ya kanuni za umeme na sehemu ya sheria za jimbo lenyewe.

Kuzithibitisha saa upya ndiko kulikomwangusha Fundi.

Onyo la kwanza lilitoka kwa yule mzee. Siku Fundi alipokwenda kumuaga, mzee alimuuliza kama amechukua barua ya saa zake, akamwambia yuko tayari kukaa naye pale pale ofisini, wafungue madaftari, waandike saa ngapi alifanya na kazi za aina gani, kisha aweke sahihi. Fundi alikuwa na gari la kuhamia linalomsubiri na watoto wawili ndani yake. Akasema, "Nitakutumia fomu kwa posta, mzee wangu." Aliona pia kwamba kumwomba mzee karatasi siku ya kuagana ni kama kumwonyesha kuwa hamwamini. Hii adabu yetu ni nzuri, lakini hapa ilitugharimu. Mzee mwenyewe ndiye aliyelitaja jambo hilo, kwa sababu alikuwa ameona vijana wengine wakipotea kwa njia hiyo.

Onyo la pili lilikuwa mfukoni mwake kila siku. Kadi ya leseni imeandikwa juu kabisa jina la jimbo la Texas. Tumeitazama mara elfu, na hatukuwahi kujiuliza kwa nini haikuandikwa Marekani.

Onyo la tatu alilipata kwa simu. Wiki ya pili baada ya kufika, alipiga ofisi ya jimbo inayoshughulikia mafundi. Aliambiwa vizuri kabisa ajaze maombi, aambatanishe uthibitisho wa saa zake kutoka kwa waajiri wake, ukionyesha saa za nyumba na saa za majengo ya biashara au viwanda, kisha atajulishwa kama anaruhusiwa kufanya mtihani. Yeye alisikia neno "jaza maombi" akaona ni karatasi za kawaida zitakazofuata baadaye. Hakusikia kwamba ameambiwa bado hana ruhusa. Masikio ya mtu mwenye kodi ya nyumba inayokaribia husikia nusu ya sentensi.

Na onyo la nne lilikuwa mwajiri mwenyewe. Mkandarasi mmoja, ambaye sitamtaja, alikuwa na kazi nyingi na watu wachache. Alitazama kadi ya Texas, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Anza Jumatatu. Karatasi zitakuja." Mshahara aliompa ulikuwa chini ya ule wa mafundi wengine kwenye saiti ile ile. Fundi alijiambia ni kwa sababu yeye ni mgeni. Ndugu msomaji, mwajiri akikuambia anza kwanza karatasi zitakuja, na papo hapo akakulipa pungufu, huyo anajua kitu ambacho wewe hukijui. Bei yako imeshuka kwa sababu amekata humo gharama ya hatari anayojua ipo.

La tano ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa nilikuwapo, ingawa kwa simu. Jioni ya siku yake ya kwanza kazini Fundi alinipigia. Alisema, "Kaka, hapa kila fundi kavaa kadi yake kifuani, wazi wazi. Mimi pekee sina." Nikamjibu kwamba hiyo bila shaka ni kadi ya kuingilia saiti, watampa yake wiki ijayo. Kumbe sheria ya Washington inamtaka kila anayefanya kazi ya umeme, fundi au mwanagenzi, avae cheti chake mahali kinapoonekana na awe na kitambulisho chenye picha. Saiti nzima ilikuwa inamwambia, kila kifua kikisema, na mimi niliye karibu maili elfu mbili kutoka pale nikamwambia asijali.

Alifanya kazi wiki saba.

Mkaguzi wa jimbo alifika asubuhi, akatembea polepole akisoma vifua. Alipofika kwa Fundi alimuuliza cheti, Fundi akatoa kadi ya Texas. Mkaguzi hakumgombeza. Alisema kadi hiyo ni halali kabisa, Texas. Kisha akaandika hati mbili, moja ya mkandarasi kwa kumpa kazi mtu asiye na cheti, na moja ya Fundi mwenyewe kwa kufanya kazi bila cheti. Kwa sheria ile kila siku inaweza kuhesabiwa kosa lake peke yake. Mchana huo mkandarasi alimwambia achukue vifaa vyake. Mtu aliyesema karatasi zitakuja sasa alisema alidanganywa.

Faini iliumiza, lakini ililipwa. Mlango mgumu ulikuwa ule wa saa.

Sasa Fundi alijaza maombi kwa bidii zote. Akampigia yule mzee wa Houston. Simu ilipokelewa na binti yake, aliyemwambia kwamba baba alifariki miezi miwili iliyopita na kampuni imefungwa. Madaftari? Binti hakujua yalipo. Akamtafuta mwajiri wa kwanza, wa nyumba za kuishi. Huyo alipatikana na akaweka sahihi bila taabu, lakini zile zilikuwa saa za nyumba. Washington ilitaka angalau saa 4,000 kati ya zile 8,000 ziwe za ufungaji mpya kwenye majengo ya biashara au viwanda, na karibu zote za aina hiyo alizifanya kwa mzee ambaye sasa yuko kaburini.

Akaomba Texas nakala za fomu alizowasilisha wakati wa kuomba leseni. Nakala zilikuja, na sahihi ya mzee ilikuwamo. Fundi aliniambia alipoiona alikaa chini. Lakini fomu hizo zilitaja jumla ya saa tu, hazikutenganisha nyumba na biashara. Ikabidi atafute vipande: hati za mshahara ambazo mke wake alikuwa ameziweka katika mfuko wa viatu, fomu za kodi za kila mwaka, picha za simu zenye tarehe, barua za mafundi wawili waliofanya naye kazi kwenye shule moja. Ofisi ilivichambua vyote kwa haki, lakini mwisho wake saa zilizokubaliwa hazikufika 5,000. Zilizobaki, alizozifanya kwa jasho lake, juu ya ngazi, katika joto la Agosti la Houston ambalo wenyeji wake wanalijua, zikawa kama hazikuwahi kuwapo.

Ndipo akachukua kadi ya mwanagenzi kwa mara ya pili maishani mwake, akarudi kufanya kazi chini ya usimamizi wa mtu mwingine kwa mshahara wa mwanagenzi. Mke wake, shemeji yangu, akabeba nyumba kwa zamu za usiku. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo gumu zaidi kulibeba.

Katika miezi ile kulikuwa na jaribu moja ambalo lazima nilitaje, kwa sababu najua limewaingia wengi wetu. Watu wa kanisani walianza kumwita. Huyu anataka boksi la breka libadilishwe, yule anataka soketi za jiko, pesa taslimu, Jumamosi, bila kibali. Kila mmoja alisema, "Wewe ni wetu, tunakuamini." Pesa zilihitajika nyumbani na mikono yake ilijua kazi. Alinipigia kuniuliza, na safari hii sikumjibu papo hapo. Nilimwambia nitasoma kwanza, nikasoma, nikampigia kesho yake: usifanye. Kazi isiyo na kibali haikaguliwi, na nyumba ikiungua, bima inaweza kukataa kulipa, na jina la kwanza litakalotajwa ni la aliyefunga breka. Mtu ambaye tayari ana hati moja ya kosa katika ofisi ile ile anayoiomba mtihani hana nafasi ya kupata ya pili. Alikataa kazi zote. Baadhi ya watu walinuna.

Ilimchukua karibu miaka miwili kukamilisha saa, kisha akafanya mtihani na kufaulu mara ya kwanza. Leo amevaa kadi yake kifuani. Anayefika leo atakuta mlango mwembamba zaidi, maana tangu Julai 2023 Washington inamtaka anayetafuta cheti cha fundi kamili wa kazi za jumla awe amemaliza programu ya uanagenzi iliyosajiliwa au mafunzo yanayolingana nayo. Hata kanuni ya taifa ya umeme, ambayo hurekebishwa kila miaka 3, haitumiki toleo moja kila mahali. Jimbo moja linaweza kuwa kwenye toleo jipya na jirani yake bado yuko kwenye la zamani. Kwa hiyo aliyefanikiwa mwaka juzi hawezi kuwa ramani yako leo, hata kama ni kaka yako na anakupenda.

Mimi mwenyewe mwaka jana niliitwa kazi Oklahoma, malipo mazuri, kuanza baada ya siku kumi. Oklahoma ipo katika mapatano na Texas, na tayari nilikuwa nimeanza kupanga nguo. Nilikuwa nimeshasahau. Mke wangu ndiye aliyeuliza, "Kadi ya Oklahoma umeshaipata?" Nikaitazama ile ya Texas, nikapiga simu ofisini, nikaambiwa kutambuliwa kupo lakini niombe kwanza na nisianze kabla ya kupata leseni yao. Kazi ile ilinipita. Nasema hili ili usidhani kwamba aliyeliona shimo la mwenzake hawezi kutumbukia humo humo. Uchovu, haraka na noti za dola husahaulisha haraka sana.

Nikikutana na vijana wetu wanaoanza uanagenzi Houston au Dallas sasa nawaambia wawe na daftari. Kila Ijumaa andika tarehe, jengo, aina ya kazi, saa ngapi, nani alikusimamia na namba ya leseni yake. Weka hati zako za mshahara hata kama zimechakaa. Kila unapotoka kwa mwajiri, toka na barua yenye sahihi inayotenganisha saa za nyumba na za biashara, hata kama huna mpango wowote wa kuhama, kwa sababu Fundi naye hakuwa nao mpaka mke wake alipopata kazi. Na usiiache leseni yako ya zamani ife kwa kuwa umeondoka. Texas hutaka uihuishe kila mwaka, na leseni iliyo hai inaongea vizuri zaidi mbele ya ofisi ya jimbo lingine kuliko iliyokufa.

Kama umeshamaliza saa zako na huna barua hizo, usingoje siku ya kuhama. Huyo aliyekusimamia, kama yu hai na ofisi yake bado iko wazi, mpigie simu wiki hii.